Mmiliki wa Siku za Jumatano

Wizara ya Ardhi na Subira imeniagiza niandike kijitabu cha kurasa nane, chenye lugha nyepesi na picha moja ya Mheshimiwa Waziri akicheka, kitakachomweleza mwananchi anayenunua kiwanja kwa mara ya kwanza atarajie nini kutoka kwa dalali. Nimechaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, nimekuwa karani wa Ofisi ya Mtaa wa Tutafika kwa miaka kumi na tisa, na muhuri wa mtaa unakaa katika mfuko wa shati langu. Ya pili, nina mwandiko mzuri. Mwandiko huo nilifundishwa darasa la pili na Mwalimu Kasiani Lihanjala, akinishika mkono kwa subira mpaka herufi zikaacha kulewa. Kwa kuwa nitamtaja sana humu, ni haki msomaji alijue hilo mapema.

Jina la nchi yetu nimeshauriwa nisilitaje. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya amani, ina mvua mara mbili kwa mwaka na viongozi mwaka mzima. Ardhi yote ni mali ya wananchi wote, na ndiyo maana mwananchi mmoja akiitaka huwa inachukua muda kidogo.

*

Nianze na mnunuzi, maana bila yeye dalali angekuwa mtu wa kawaida tu.

Mwalimu Lihanjala alistaafu akiwa amepanga kwa miaka arobaini na moja, katika nyumba tisa. Mpangaji katika nchi yetu ni raia kamili. Isipokuwa hapigi msumari ukutani, hakaangi samaki, halazi mgeni, na akifiwa anaomba ruhusa ya msiba kwa mwenye nyumba. Pia mpangaji haombwi kutia sahihi ya ujirani, kwa sababu leo yupo na kesho katimuliwa. Mwalimu alikuwa amefundisha nusu ya mtaa kuandika majina yao, lakini jina lake mwenyewe halikuwahi kuhitajika kwenye karatasi ya mtu.

Mkewe, Bi. Fotunata, alikuwa mpishi wa shule. Miaka thelathini na minne kabla ya mambo haya, alinunua mlango. Nasema mlango, si nyumba. Mlango wa mninga, wenye nakshi pembeni, kitasa cha shaba na ufunguo mmoja. Watu walimcheka wakachoka.

"Nyumba inaanza na mlango," alikuwa akiwajibu. "Nikishakuwa na mlango, kuta zitaona aibu zitakuja zenyewe."

Kila walipohama, mlango ulitangulia kwenye mkokoteni, vitanda vikafuata. Chumbani ulisimamishwa nyuma ya kitanda, umefunikwa shuka kuukuu, na kila Jumamosi aliupaka mafuta ya nazi. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga. Nilipokuwa mwanafunzi nilitumwa kwao kupeleka madaftari, nikamkuta anauzungumzisha. Sikushangaa sana, nilikuwa na miaka minane.

Mwaka aliostaafu Mwalimu, daktari akamwambia Bi. Fotunata kwamba moyo wake umetanuka.

"Afadhali," akasema. "Angalau kuna kitu changu kimepata nafasi."

Daktari hakucheka. Alimvuta Mwalimu nje akamwambia kwamba mambo waliyoyapanga ya mbele wayasogeze karibu. Basi Mwalimu akachukua kiinua mgongo chake chote akaja ofisini kwangu kuuliza kuhusu kiwanja. Alitaka jambo moja: mkewe afungue ule mlango kwa mkono wake, aingie ndani ya nyumba yake, kabla moyo haujachoka. Katika miaka kumi na tisa sijapokea ombi dogo kuliko hilo.

Nikamwelekeza kwa Bwana Hamduni Pazi. Ni mimi niliyemwelekeza.

*

Mnunuzi wa mara ya kwanza atarajie kupendwa. Dalali wa nchi yetu hapotezi muda na salamu za kawaida. Bwana Pazi alikuwa na simu tatu, viatu vya ncha vyenye vumbi la mitaa mitano, na tita la funguo ambazo sijawahi kuziona zikifungua kitu. Dakika ya kwanza alimwita Bi. Fotunata "mama". Dakika ya pili, "mama yangu". Walipofika kiwanjani alikuwa ameshamsimulia jinsi mama yake mzazi alivyofanana naye kwa sauti.

Kiwanja kilikuwa kizuri, lazima niseme ukweli. Kilikuwa kwenye mwinuko, udongo mwekundu, majani mafupi. Upande wa mashariki kulikuwa na korongo.

"Umeme je?" akauliza Mwalimu.

"Uko njiani, Mwalimu wangu. Nguzo nimeziona kwa macho yangu haya."

Hakusema uongo. Nguzo zilikuwepo, mitaa miwili kutoka pale, zimelala chini, na watu wamezikalia wakicheza bao tangu uchaguzi uliopita.

"Na maji?"

"Maji yanapita hapa hapa!"

Hilo pia lilikuwa kweli. Kila masika maji hupita pale yakienda korongoni, pamoja na sufuria za watu.

"Sasa hilo korongo, baba?" akauliza Bi. Fotunata.

"Hayo ndiyo mandhari, mama yangu. Halafu upande huo hutapata jirani wa kukusumbua maisha yako yote."

Bi. Fotunata alitembea polepole, akisimama kupumua, mpaka katikati ya kiwanja. Akavua kandambili, akageuka kuelekea jua linakochomoza, akatia alama kwa kidole cha mguu.

"Mlango utakaa hapa," akasema.

Bwana Pazi akavua kofia. Baadaye aliniambia kwamba katika kazi ya udalali kuna wakati mteja anasema neno ukajua biashara imekwisha, na wakati huo hata yeye hujisikia kulia.

*

Hapa inabidi nieleze utaratibu wetu, maana wageni hupata shida kuuelewa.

Mtaa wa Tutafika hauna ramani. Aliwahi kuja mpimaji mmoja, akapima ofisi atakayoitumia, akahamishwa. Kwa hiyo kiwanja chetu kinajulikana kwa majirani zake. Karatasi ya mauziano inasema: mashariki kinapakana na fulani, magharibi na fulani, kaskazini na kusini vilevile. Hao majirani wanne wanakuja ofisini wanatia sahihi, na karani anagonga muhuri. Kwenda kwenyewe kiwanjani hakupo kwenye utaratibu. Kuna jua kali, na karatasi zinapeperuka.

Bwana Pazi alileta majirani wa Mwalimu: kinyozi wake yeye Pazi, mwenye duka wake, na binamu yake ambaye nilikuwa namfahamu kama dereva wa mji mwingine. Upande wa mashariki, penye korongo, uliwakilishwa na shemeji yake.

"Korongo nalo lina mwakilishi?" nikauliza.

"Karani," akasema Pazi kwa upole, "korongo halijui kusoma wala kuandika. Tulinyime haki kwa sababu hiyo?"

Niliona hoja ina uzito. Nikagonga muhuri. Mwalimu akatazama mwandiko wangu kwenye karatasi, akasema, "Herufi zako bado zimesimama vizuri, mwanangu." Nilifurahi siku nzima.

*

Wiki ya pili Bwana Pazi alirudi kwa Mwalimu akiwa na habari njema. Jirani wa kweli wa upande wa magharibi amepatikana, mshona nguo mmoja anaitwa Bi. Tunu, na sheria inataka Mwalimu aende kumtilia sahihi kama jirani yake wa mashariki.

Msomaji wa kijitabu hiki huenda ana nyumba, hatanielewa. Kuitwa kutia sahihi ya ujirani ndiyo heshima ya kwanza ya mwenye ardhi katika nchi yetu. Hulipwi. Unapewa soda ya machungwa na kiti chenye mgongo, na watu wanakuuliza, "Wewe ndiye jirani?" nawe unajibu, "Ndiye mimi." Mwalimu alikuwa ameisubiri heshima hiyo miaka arobaini na moja. Bi. Fotunata alitia mkaa kwenye pasi akanyoosha shati jeupe la mahafali, kola mara mbili. Mwalimu alikuja ofisini nusu saa kabla ya wakati. Aliisoma karatasi neno kwa neno kama anasahihisha mtihani. Mashariki kinapakana na Mwalimu Kasiani Lihanjala. Hakuona kosa, kwa sababu kwenye karatasi halikuwepo. Akatia sahihi taratibu, akanywa soda akaimaliza.

"Jirani gani huyo?" mkewe alimuuliza aliporudi.

"Mshona nguo."

"Vizuri. Nitapata pa kuombea chumvi."

Wiki ya tatu akapatikana jirani wa kaskazini, Mzee Mabula, mlinzi mstaafu. Shati likanyooshwa tena. "Tutalala usingizi," akasema Bi. Fotunata. Wiki ya nne jirani wa kusini, kijana mpiga picha za vitambulisho aitwaye Elibariki. "Atatupiga picha mbele ya mlango." Na hao nao, kila mmoja kwa zamu yake, waliitwa kuwatilia sahihi wenzao, wakavaa walichokuwa nacho kizuri, wakanywa soda. Nilikuwa nikiwatazama wanavyopeana mikono ofisini kwangu, jirani na jirani, nikaona kazi yangu ina maana.

Muhuri niligonga mara nne. Nagonga karatasi, ardhi haijawahi kuletwa mezani kwangu. Hivi ndivyo nilivyokuwa nikijieleza wakati ule, na mchana nilikuwa najikubalia.

*

Siku ya kusimamisha mlango, Mwalimu alikodi mkokoteni. Bi. Fotunata alipanda juu, akakaa kando ya mlango wake akiushika. Nami nilikwenda, maana nilialikwa, nikabeba soda.

Tulimkuta Bi. Tunu amepanga matofali pale pale palipotiwa alama ya kidole cha mguu. Mzee Mabula alikuwa anavuta kamba ya msingi kukatiza matofali hayo. Elibariki alikuwa amekaa chini ameshika kichwa, kwa sababu alikuwa amefika wa kwanza, ameshaelewa.

"Samahani, mama," Mwalimu akamwambia Bi. Tunu kwa adabu, "nadhani umesogea kidogo. Kwako ni kule magharibi."

"Magharibi ya nani, Mwalimu? Hapa ndipo nilipooneshwa na Pazi. Wewe ndiye uko mashariki yangu. Si ulinitilia sahihi mwenyewe, umevaa shati jeupe?"

Mwalimu akageuka kutazama mashariki. Sote tukageuka. Palikuwa na korongo, na ndani yake mbuzi mmoja akila mfuko wa plastiki.

"Na mimi, Mwalimu, uko kusini yangu," akasema Mzee Mabula, akiiachia kamba. "Na mimi niko kaskazini ya huyu kijana. Nimetia sahihi. Tumetiliana sahihi wote."

Hakuna aliyemtukana mwenzake. Laiti wangetukanana. Bi. Fotunata alishushwa kwenye mkokoteni, akaangalia matofali, kamba na watu. Akamwendea Bi. Tunu.

"Wewe ndiye wa chumvi," akasema, akamshika mkono.

*

Kesi ilisikilizwa na Baraza la Ardhi, chini ya Mwenyekiti mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kusikilizia.

"Baraza limepitia karatasi zote," akasema. "Kwa karatasi ya Bi. Tunu, kiwanja kimezungukwa na Mwalimu, Mabula na Elibariki. Kwa karatasi ya Mabula, kimezungukwa na Tunu, Mwalimu na Elibariki. Ya Elibariki ni hivyo hivyo, na majirani wa karatasi ya Mwalimu hawaonekani mtaani. Baraza linawapongeza kwa ujirani mwema. Ila kwa mujibu wa sahihi zenu wenyewe, nyote mko pembeni ya kiwanja. Hakuna mtu aliyetia sahihi kwamba yuko ndani yake."

"Mheshimiwa, mimi nilinunua wa kwanza," akasema Mwalimu.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Inasema uko wapi?"

Mwalimu akaitazama ile sahihi yake nzuri. "Mashariki," akasema.

"Basi usiisumbue Serikali, Mwalimu. Nenda mashariki."

Aliyeandika muhtasari wa siku hiyo ni mimi. Niliandika kwamba mlalamikaji aliridhika, maana hakusema neno tena.

Bwana Pazi aliitwa kama shahidi. Alieleza kwa machozi kwamba yeye ni mtu wa kuwakutanisha watu tu, na watu amewakutanisha. Mwezi uleule Wizara ilimvisha nishani ya Dalali Bora, kwa kuongeza tija ya ardhi mara nne bila kuongeza ardhi.

*

Wananchi wanne walilalamika kwa barua, na mnunuzi wa mara ya kwanza atarajie kwamba barua hufika. Mheshimiwa Waziri alikuja mwenyewe na msafara wa magari kumi na moja. Lile la mwisho lilizama kidogo korongoni.

"Ndugu wananchi!" alisema kutoka jukwaani. "Nchi nyingine zinagawana ardhi kwa mita. Huo ni ukoloni! Mita zinaisha. Lakini siku zinaisha? Nauliza, siku zinaisha?"

"Haziishi!" tukajibu.

"Kuanzia leo, katika nchi yetu, ardhi itamilikiwa kwa zamu!"

Bi. Tunu akapewa Jumatatu, Mzee Mabula Jumanne, Mwalimu Jumatano, Elibariki Alhamisi. Ijumaa ni ya Serikali kwa ajili ya ukaguzi. Jumamosi ikaachiwa dalali aoneshe wateja. Jumapili ardhi inapumzika, maana hata yenyewe imeumbwa. Kila mmiliki akakabidhiwa hati yenye siku yake, akapigwa picha, na Elibariki akaombwa asijipige mwenyewe.

Kulikuwa na sharti moja dogo. Kwa kuwa ukuta uliojengwa Jumatano utakuwa bado umesimama Alhamisi, na huo utakuwa uvamizi, kuta zilipigwa marufuku. Mwalimu aliuliza kuhusu mlango. Wanasheria wa Wizara walijifungia wiki mbili, wakarudi na jibu kwamba mlango peke yake ni samani inayosimama, unaruhusiwa.

*

Basi fundi akausimamisha mlango kwenye fremu yake, katikati ya uwanja mtupu, ukitazama mashariki. Bi. Tunu mwenyewe alisogeza matofali kuupisha.

Jumatano ya kwanza nilikwenda baada ya kazi. Bi. Fotunata alikuwa amevaa kitenge kipya. Alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akauingiza kwenye kitasa. Ulizunguka bila kelele, maana alikuwa ameupaka mafuta miaka thelathini na minne. Akausukuma mlango, akapita. Mwalimu akapiga makofi, nami nikapiga.

Bi. Fotunata alisimama upande wa pili. Akatazama mbele, palikuwa na majani. Akatazama juu, palikuwa na mwewe. Akamgeukia mumewe na uso wa mtu anayetaka kusema jambo bila kuumiza.

"Mlango nimeufungua, baba," akasema, "lakini ndani sijaingia."

Mwalimu akageuka, akajifanya anatafuta mkeka. Sijui kama mwenzangu unayesoma umewahi kumwona mwalimu wako wa darasa la pili akilia. Usiombe.

Hata hivyo walikwenda kila Jumatano. Walitandika mkeka, Mwalimu akafungua mwavuli, mkewe akamwonesha jiko litakuwa wapi, chumba cha wageni wapi. Wamiliki wa siku nyingine walikuja kuwatembelea, na hakuna hata mmoja aliyezunguka pembeni ya mlango, ingawa pembeni kulikuwa wazi pande zote. Walisimama nje wakapiga hodi. "Karibuni!" akajibu Bi. Fotunata kutoka kwenye mkeka, mita tatu mbele ya macho yao, na ndipo wakashika kitasa wakaingia. Bi. Tunu alileta chumvi kwenye karatasi bila kuombwa. Elibariki akawapiga picha. Ninayo nakala. Bi. Fotunata amesimama mbele ya mlango wake, mdomo umefumba, mkono uko kwenye kitasa, kama mtu aliyeitwa kutoka ndani mara moja na anataka kurudi.

Kila wiki alikuwa akipumzika mara nyingi zaidi kutoka barabarani mpaka kwenye mkeka. Mwishoni Mzee Mabula alikuwa anambeba mgongoni, siku isiyo yake.

*

Alifariki Jumamosi asubuhi, anaupaka mafuta ya nazi ufunguo, kwa kuwa mlango haukuwepo tena nyuma ya kitanda.

Mwenye nyumba aliruhusu msiba mpaka saa nane mchana, bila kulia kwa sauti.

Mwalimu alikuja ofisini kwangu siku ileile, amevaa lile shati jeupe. Halikuwa limenyooshwa.

"Mwanangu," akasema, "nataka kumzika kwake."

Nikafungua kanuni. Zinasema kaburi ni kitu cha kudumu, kwa hiyo haliwezi kumilikiwa siku moja moja. Lazima siku zote saba ziridhie. Nilimsomea hivyo hivyo zilivyoandikwa, kwa sababu sikuwa na neno langu mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa kama anayesikia jibu sahihi kutoka kwa mwanafunzi mzito.

Hakuhitaji kwenda kuwatafuta. Bi. Tunu, Mzee Mabula na Elibariki walikuwa wameshafika barazani, wamevaa walichokuwa nacho kizuri. Wakatia sahihi kwa ajili ya siku zao, Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Hakuna aliyeulizia soda.

Jumamosi ilikuwa ya Bwana Pazi. Alikuja akikimbia, simu zake zote amezizima, na alilia kuliko sisi wote. Nathibitisha kwamba yalikuwa machozi. "Mama yangu," alikuwa akisema, "mama yangu." Alitia sahihi bila kudai ada. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba kaburi lisogezwe kidogo kuelekea korongoni, ili wateja wasianze kuliona mapema.

"Litakuwa nyuma ya mlango," akasema Mwalimu. "Ndani." Pazi akainamisha kichwa.

Ikabaki Ijumaa ya Serikali, inayohitaji kibali cha Waziri, siku tisini za kazi. Na Jumapili, ambayo haina msemaji. Nilitoa muhuri mfukoni. Nilikuwa nimeugonga mara nne kwa watu hawa bila kuuliza swali hata moja, kila mara kwa kufuata utaratibu. Mara ya tano niligonga bila utaratibu, kwenye Ijumaa, kisha kwenye Jumapili. Sijafukuzwa bado, labda kwa sababu hakuna anayesoma.

Kisha nikajaza fomu kwa mwandiko wangu bora. Mmiliki: Fotunata Lihanjala. Ukubwa: futi sita kwa tatu. Mahali palipoandikwa siku za umiliki, nikaandika: Zote. Magharibi anapakana na Tunu, kaskazini na Mabula, kusini na Elibariki.

"Mashariki?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Niandike mimi," akasema Mwalimu.

Akatia sahihi. Ilikuwa ya nne kuwatilia watu katika ofisi yangu, na ndiyo pekee ambayo ilikuwa kweli.

Tulimzika Jumatatu. Bi. Tunu alitoa siku yake.

*

Kurasa za kijitabu zinakaribia kuisha na bado sijaeleza vya kutosha kuhusu dalali. Mnunuzi wa mara ya kwanza atarajie kwamba dalali hatamsahau. Kila Jumamosi Bwana Pazi anawapeleka wateja pale. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Mlango upo tayari, mama yangu, imebaki nyumba tu. Na jirani wa hapa ni mtulivu, hajawahi kugombana na mtu." Wanapofika kwenye mlango anavua kofia. Sijui ni biashara au ni nini, na nadhani hata yeye hajui.

Jumatano iliyopita nilipita pale nikitoka kazini. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya mlango, amevaa shati jeupe, kalinyoosha mwenyewe, kola imepinda. Alikuwa ametandika mkeka upande wa nje.

"Hodi," akasema.

Upepo ulikuwa unavuma kutoka korongoni. Akasubiri muda ambao mtu mwenye moyo mgonjwa angehitaji kuinuka na kufika mlangoni.

"Hodi."

Nikamkaribia. Nikamwambia, Mwalimu, pembeni kuko wazi. Au afungue tu, mlango ni wake na siku ni yake.

"Ufunguo sina," akasema. "Nimemwachia kwenye pindo la kanga. Ufunguo unakaa na mwenye nyumba."

Akapiga hodi ya tatu. Kisha, kama tulivyolelewa wote katika nchi yetu, kwamba hodi tatu zisipojibiwa mgeni mwenye adabu anaondoka, akakunja mkeka wake, akauweka begani, akarudi kwenye chumba alichopanga.